Daraja la Mbita na Njia ya Maji

Julai 1969, jeneza la Tom Mboya, waziri aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi, lilivushwa maji kabla ya kuzikwa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Viktoria. Wakati huo hapakuwa na barabara ya kufika huko. Kati ya Mbita na kisiwa hicho palikuwa na mlango mwembamba wa ziwa, na kila aliyetaka kuuvuka, awe mfiwa, mwanafunzi au mchuuzi wa omena, alitegemea chombo cha majini. Hata mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyegundua fuvu la Proconsul, mnyama wa kale wa jamii ya sokwe, kisiwani mwaka 1948, alifika kwa mashua.

Ukanda huu, kutoka Kisegi na milima ya Gwassi hadi Mbita, umezoea mitumbwi kuliko madaraja. Uswisi na Marekani zinayaenzi madaraja yao ya kale ya mbao yenye paa. Huku kwetu mbao nzuri zilienda kwa fundi wa mashua.

Miaka ya 1980 serikali iliamua kuondoa adha ya kuvuka. Haikujenga daraja. Ilimwaga mawe na udongo mpaka mlango ukazibwa, likawa tuta la kupitisha magari. Kwa mwenye mgonjwa usiku wa manane, hiyo ilikuwa neema, na asiyewahi kusubiri mtumbwi asiidharau.

Lakini Ghuba ya Winam, sehemu hii ya ziwa, ilikuwa na milango miwili: ule mkubwa kati ya Rusinga na Uyoma, na huu mdogo wa Mbita. Mdogo ulipozibwa, mkondo ukakatika. Maji yakatuama, tope likajikusanya, na mvuvi aliyetaka kufika upande wa pili wa tuta, hatua chache tu kwa miguu, akalazimika kukizunguka kisiwa kizima. Kisha yakaja magugumaji. Mwaka 1998 yalifunika takriban hekta 17,000 za ghuba. Si tuta lililoyaleta, na kulibebesha lawama yote ni uonevu. Mbolea iliyosombwa kutoka mashambani na majitaka ya miji ndiyo yaliyoyanenepesha. Ila upepo ulipoyasukuma hadi Mbita, yalikosa pa kutokea.

Malalamiko yalidumu miaka mingi kabla ya daraja halisi kujengwa. Lilianza kutumika mwaka 2017, magari yakipita juu, maji na mashua chini. Ndilo lililopaswa kujengwa tangu awali. Kuzibua mlango baada ya miongo mitatu ni kulipia kivuko kimoja mara mbili.

Mfangano, kisiwa jirani kilicho kikubwa kuliko Rusinga, hadi leo hufikiwa kwa boti. Siku wahandisi watakapokigeukia, waanze kwa kuwauliza wavuvi maji hupita wapi.