Ukawiaji wa RAM

Kibandiko cha RAM hubeba namba mbili zinazohusu kasi, na dukani hutajwa moja. Ya kwanza ni ile kubwa: DDR4-3200, DDR5-6000. Ya pili hufuata herufi CL: CL16, CL30. Anayetaka gemu zake ziende vizuri zaidi kwa kubadilisha RAM hulipia ile ya kwanza, bila kuuliza ya pili inasemaje. Hiyo ya pili inahusu kitu ambacho mafundi hukiita latensi. Mimi nakiita ukawiaji.

Wapo wanaoandika “ucheleweshaji”, lakini neno hilo linatafuta mkosaji: nani kamchelewesha nani? Hata “uchelewaji” haukai sawa, kwa sababu anayechelewa amepitisha saa aliyopangiwa, na RAM haipitishi saa. Prosesa ikiomba data iliyo kwenye safu ambayo tayari imefunguliwa, RAM ya CL16 huanza kuitoa baada ya mapigo 16 ya saa yake, kama ilivyoandikwa. Haijachelewa, imekawia tu.

Inakawia kiasi gani? Hapa inabidi kupiga hesabu kidogo. 3200 maana yake data inahamishwa mara milioni 3,200 kwa sekunde. DDR huhamisha mara mbili katika kila pigo, kwa hiyo saa yenyewe inapiga mara milioni 1,600. Pigo moja ni nanosekunde 0.625, mapigo 16 ni nanosekunde 10. Sasa chukua DDR5-6000 ya CL30. Pigo lake ni theluthi moja ya nanosekunde. Zidisha kwa 30, unapata 10 ileile. Umebadilisha kizazi, pengine umenunua na mazabodi mpya kwa kuwa DDR5 haiingii kwenye sloti ya DDR4, na ukawiaji haujasogea. DDR5-4800 ya CL40 ndiyo kabisa: karibu nanosekunde 16.7.

Kilichoongezeka ni wingi. Kipande kimoja cha DDR4-3200 kinaweza kupitisha GB 25.6 kwa sekunde, cha DDR5-6000 GB 48. Abiria anaijua tofauti hii: basi la siti nyingi zaidi halipunguzi muda wa kusimama kituoni.

Je, gemu inajali? Inategemea nani anamsubiri nani. Gemu nzito yenye michoro iliyopandishwa hadi juu huichosha kadi ya michoro, na prosesa inabaki na nafasi. Hapo RAM ya bei ghali haikuongezei fremu za maana. Mambo hubadilika kwenye gemu kama Counter-Strike 2, mchezaji anaposhusha michoro makusudi ili apate fremu nyingi: mzigo unahamia kwa prosesa, na kila nanosekunde inayosubiriwa huanza kuonekana. AMD walipoitoa Ryzen 7 5800X3D mwaka 2022, waliiwekea MB 96 za akiba ya ndani ili prosesa isiiendee RAM mara kwa mara. Kwa prosesa ya namna hiyo, RAM ya kasi zaidi huleta faida ndogo.

Asiye na kadi ya michoro ana hesabu tofauti. Ryzen 5 5600G huchora kwa kuazima RAM ya kawaida, na kinachoibana zaidi ni wingi wa data. Vipande viwili vya GB 8 vikiwekwa kwenye sloti sahihi hufungua njia mbili badala ya moja, na mchezaji anaona tofauti kubwa zaidi kwa macho kuliko kama angenunua kipande kimoja cha GB 16 chenye namba kubwa.

Kabla ya kutoa hela, fungua Task Manager, sehemu ya Performance, uguse Memory. Ukikuta 2133 au 2400 ilhali kibandiko kinasema 3200, kasi uliyoilipia imelala; kaiamshe kwenye BIOS, kwa jina la XMP au EXPO. Mashine nyingi za ofisini zinazouzwa mtumba hazina kipengele hicho, na prosesa zake zina ukomo wake: Core i5-6500 inaishia DDR4-2133, i5-8500 inaishia 2666. Ukiipachika humo RAM ya 3600, itashuka ifuate mwendo wa mwenyeji wake. Kwa mashine hizo, tafuta kipande cha pili kinachofanana na kilichomo, na hela inayobaki iweke kwenye kadi ya michoro.