Joto, Baridi na Baruti: Somo Lililolipiwa kwa Roho za Watu

Mchana wa tarehe 19 Februari 1896, treni ya mizigo ilikuwa imesimama katika stesheni ya Braamfontein, Johannesburg, ikiwa na zaidi ya tani 50 za dainamaiti kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Mabehewa yake yalikuwa yamepigwa na jua kali kwa zaidi ya siku tatu. Kichwa cha treni kilipokuja kuyasogeza, kikayagonga. Mlipuko ulichimba shimo lenye urefu wa mita 60, ukaua zaidi ya watu 70 na kubomoa makazi ya maskini waliokuwa jirani na reli.

Asili ya hatari ile ni nitrogliserini, mafuta mazito yaliyogunduliwa na Mwitalia Ascanio Sobrero katika miaka ya 1840. Mwaka 1864 yalilipua karakana ya akina Nobel mjini Stockholm na kumuua Emil, mdogo wake Alfred Nobel. Mwaka 1867 Alfred akapata hataza ya dainamaiti: mafuta yaleyale, ila yamenyweshwa udongo unaofyonza ili yasafirishike.

Lakini udongo haukuondoa hatari. Dainamaiti ikikaa mno kwenye joto hutoa jasho: matone ya nitrogliserini hupenya karatasi, yakachuruzika na kutuama chini ya sanduku. Hapo mgongano mdogo tu unatosha.

Baridi nayo ilikuja na balaa lake. Nitrogliserini huganda kwenye nyuzijoto 13 hivi, na iliyoganda hailipuki inavyotakiwa. Wachimbaji wa Ulaya na Amerika Kaskazini ikawabidi waiyeyushe. Chombo salama kilikuwa kopo la kuta mbili: maji ya moto kati ya kuta, baruti ndani pakavu, moto mbali. Wenye haraka waliiweka juu ya jiko, na wengi hawakusimulia. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo viwanda vilipoeneza mchanganyiko usioganda upesi.

Leo migodi hutegemea zaidi amonia naitreti, ambayo hailipuki kirahisi. Hata hivyo, chembe zake hubadili umbo kwenye nyuzijoto 32, joto la kawaida kabisa katika ukanda wetu. Zikipita kiwango hicho huku na huko, huvunjikavunjika au kushikamana mabonge. Kwa hiyo ghala lake lipitishe hewa, liwe kavu, na mzigo uliotangulia kuingia utangulie kutoka. Masharti haya si urasimu. Kila anayeyapuuza kwa kubana matumizi anachezea maisha ya wafanyakazi na majirani ambao hata hawajui kilichomo ndani.