Shilingi Zilizojenga Reli

Mtu ashukaye stesheni ya Makambako huambiwa kwamba reli ile ilijengwa kwa fedha za Wachina. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Kibarua aliyepasua milima kutoka Mlimba kupandisha Makambako, kipande kigumu kuliko vyote, hakulipwa fedha ya China. Alilipwa shilingi ya Tanzania, ambayo Benki Kuu yetu ilianza kuitoa Juni 1966. Shilingi hizo zilitoka wapi?

Serikali ingeweza kuamuru zichapishwe. Lakini hebu fikiri: maelfu ya vibarua wanapokea mishahara, wanarudi Njombe na Makambako na noti mfukoni, na dukani zimo kanga zile zile za jana. Bei ingepanda mara moja. Noti ni hati ya kudai bidhaa. Hati zikizidi bidhaa, kila hati hupungua nguvu.

Njia iliyofuatwa ilikuwa nyingine, na mimi naiona ya busara kuliko inavyosifiwa. Katika mkopo wa China, ambao haukuwa na riba, sehemu ilikuja kama vyuma na mitambo. Sehemu nyingine ilikuja kama vitambaa, vyombo vya nyumbani na bidhaa nyingine za viwandani. Mashirika yetu ya biashara yaliziuza, na shilingi zilizopatikana ndizo zilizolipia gharama za humu nchini, mishahara ikiwamo. Ila yake ni kwamba mteja alinunua kilicholetwa, akipende asikipende. Lakini nyuma ya noti ya kibarua kulikuwa na kitu.

Reli ilikabidhiwa Julai 1976. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, kisha vikaja vita vya Kagera na bei kali ya mafuta. Serikali ikakopa Benki Kuu, huku viwanda vikikosa malighafi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 25 kwa mwaka. Mkulima wa Njombe aliwauzia NMC mahindi, akapata noti, akakosa sabuni. Ndipo akaanza kuficha magunia ghalani, au kumpelekea mlanguzi. Wakubwa walimwita mhujumu uchumi. Kwa maoni yangu alikuwa anapiga hesabu tu, tena sawasawa.

Mwaka 1966 dola moja ilikuwa shilingi 7.14. Katikati ya 1986 ilifika 40, na 1993 ilipokwisha ilikuwa imezidi 400. Hata leo wapo wanaosema shilingi iliuawa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka ule wa 1986. Mimi sikubaliani nao. Kabla sahihi haijatiwa, huko vijijini mahindi yalikuwa yamekwisha kuanza kubadilishwa kwa sabuni na nguo, bila noti kuguswa.