Chumba cha Kulia na Mandhari ya Pwani

Neno mkahawa limezaliwa na kahawa. Neno hoteli, ambalo kwa Wazungu ni nyumba ya kulala wageni, kwetu limekuwa jina la mahali pa kula hata pasipokuwa na kitanda. Majina haya ni mageni, lakini desturi ya kumtengea mgeni mahali pazuri pa kula ni kongwe katika pwani ya Afrika Mashariki. Siku hizi wachoraji wa majengo husema kwamba chumba cha kulia yafaa kifanane na nchi kilipo, tena kipambwe bila ya kuidhuru nchi hiyo. Rai hii ni njema. Walakini, kabla ya kuipokea kama jambo jipya, yatupasa tuulize waliotutangulia walilitendaje jambo hili, na kwa gharama gani.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Huko Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na kuku, nyama, samaki na mboga. Akaletewa na ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa. Kilwa aliisifu kuwa ni mji mzuri, uliojengwa kwa miti na kuezekwa kwa majani. Ushahidi huu wataka kuangaliwa sana, maana zama zile zile za sultani al-Hasan bin Sulaiman ndizo zilizoona Husuni Kubwa ikijengwa kwa matumbawe na chokaa juu ya jabali la bahari. Basi tangu kale pwani ilikuwa na majengo ya namna mbili: ya mawe kwa wenye uwezo, na ya miti, udongo na majani kwa walio wengi. Yote mawili yalitoka katika ardhi na maji yaliyokuwa karibu.

Nyumba ya mawe ilitawaliwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni matumbawe. Yale yaliyotolewa baharini yangali na maji ni laini, huchongeka kwa urahisi, kisha hukauka yakawa magumu. Haya yalifaa kwa mapambo ya milango na zidaka. Mawe ya nchi kavu yalitiwa katika kuta nene, ambazo hukawia kupata joto la jua. Cha pili ni chokaa, iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya kuni nyingi. Cha tatu ni boriti za mikoko. Boriti haikuweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ila katika nafasi ndogo, na kwa sababu hiyo chumba cha kale ni kirefu, bali upana wake kwa kawaida haukuzidi mita tatu. Katika nyumba za Lamu mtu hutoka kiwandani, penye mwanga wa mbingu, akaingia msana, kisha ndani, na kila hatua mwanga hupungua na ubaridi huongezeka. Ukutani zidaka zilipangwa safu kwa safu, zikawekwa vyombo vya kaure. Chini palitandikwa mkeka, na watu wakala wakiwa wamelizunguka sinia. Uzuri wa chumba hicho ulitokana na mipaka yake. Fundi hakuiga mandhari, aliyatii.

Mipaka hiyo ilivunjwa na chuma. Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib katika Unguja, lenye nguzo za chuma na kumbi pana ambazo boriti isingaliweza kuzifunika. Baadaye saruji ikaenea. Saruji ni ngumu na huwahi kukauka, lakini ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe huzuia unyevu usitoke. Maji na chumvi hukaa ndani, na lipu hubanduka. Chokaa huuacha ukuta upumue.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Nyumba kadhaa za kale zimegeuzwa kuwa mikahawa, na huko ufukweni hoteli mpya huezekwa makuti na kupambwa kwa boriti ili zifanane na nchi. Hapa ndipo penye hatari. Mikoko huzuia pwani isiliwe na mawimbi, na mizizi yake ni malezi ya samaki na kamba. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti katika nchi za nje mwaka 1982, baada ya karne nyingi za majahazi kuzipeleka Arabuni na Ghuba. Hoteli inayojipamba kwa mikoko iliyokatwa bila ya kiasi inawala leo samaki wa kesho, hata kama chumba chake chapendeza macho.

Wala tusidai kwamba wazee hawakuharibu kitu. Tanuru la chokaa lilikula miti mingi; ila nyumba za mawe zilikuwa chache, na bahari ilistahimili. Tukizidisha mfano wao mara mia, hatutakuwa tumewafuata, bali tumewapotoa.

Basi urithi wetu hasa si sura ya boriti wala tumbawe, bali ni kipimo. Atakaye kufungua mkahawa na aitumie nyumba iliyopo, aikarabati kwa chokaa, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ajengaye upya aelekeze chumba kwenye upepo, akipe kivuli, atandike mikeka ya ukindu, na aiache mikoko mahali ilipoota. Mgeni atakayekula humo ataiona pwani vizuri zaidi dirishani kuliko darini.