Rufiji Juu ya Meza

Kila mzawa wa Mafia amepata kusikia kwamba Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa, na kwamba Julai ya mwaka huohuo manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliangamia ng'ambo yetu, ndani ya mikono ya mto Rufiji. Pengine asilolijua ni kwamba vita vile vingali vinapiganwa. Hupiganwa juu ya meza huko Uingereza, Ujerumani na Marekani, kwa meli za urefu wa kidole na askari wasiozidi sentimita tatu, na wapiganaji wenyewe ni watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, ambao hununua visanamu, wakavipaka rangi, wakavipanga, kisha wakarusha dadu kuamua nani amekufa.

Mchezo huu una nasaba ndefu. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye von Reisswitz aliutengeneza, akiuendeleza wa baba yake, ili kuwafunza maofisa wenzake kupigana juu ya ramani. Mafundi wa Nürnberg walikuwa wakimimina askari bapa wa bati, wembamba kama sarafu, na mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikaanza kuuza askari wa risasi walio wazi ndani. Kiswahili hapa kimetangulia kufumba bila kukusudia: madini anayoundiwa askari wa kuchezea na kile kinachomuua askari wa kweli tumevipa jina moja. Mwaka 1898 Fred T. Jane alitoa kanuni za vita vya baharini, ambamo mchezaji alipiga picha ya meli ya adui kwa kibao chenye sindano, na tundu likaonyesha kombora limeangukia wapi. Kitabu chake cha manowari za dunia, kinachojulikana hadi leo, kilitoka mwaka huohuo, ndugu wa mchezo ule. Kisha mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akachapisha *Little Wars*, kanuni za kupigana sakafuni kwa vizinga vya kufyatua vijiti. Mwaka mmoja baadaye vita vikubwa vikaanza.

Kazi ya rangi ndiyo inayowameza zaidi. Kisanamu hupakwa kwanza rangi ya chini. Hufuata rangi kuu. Kisha rangi ya majimaji inayozama katika mikunjo ya nguo na kuzaa kivuli. Mwishoni brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa juu ya vilele, mwanga ukatokea. Watu hubishana mwezi mzima juu ya kaki ya askari wa Kijerumani ilikuwa ya manjano kiasi gani, na tai aliye mbele ya tarbushi yake alikuwa na ukubwa gani. Mimi siwacheki. Sheikh Hemedi bin Abdallah el-Buhriy naye, alipotunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, ilimbidi akipunguze kitu kikubwa mno kiingie katika vipande vya mizani nane nane. Kupunguza ni sanaa. Swali ni kinachoachwa nje.

Natuichukue Rufiji yenyewe. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg ilivizia Zanzibar ikaizamisha HMS Pegasus iliyokuwa ikitengenezwa mitambo yake, kisha ikajificha ndani ya mikoko. Manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuifuata kwa uchache wa maji. Ndipo zikaletwa Severn na Mersey, zilizoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil, zisizozama hata mita mbili. Zikakokotwa kutoka Malta hadi Mafia, zikafika Juni 1915. Mafia ikawa kambi yake, na Mafia ndiko ndege zilikoruka kwenda kuangalia makombora yanaangukia wapi, maana mpiga mzinga hakumwona anayempiga. Shambulio la kwanza, tarehe 6 Julai, lilitumia makombora zaidi ya 600 na halikufanikiwa. La pili, tarehe 11, lilifanikiwa. Ndege ya Cull na Arnold ikapigwa, lakini Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha huku ikishuka mtoni, na wote wawili wakaokolewa na Mersey. Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe.

Sasa tuiweke mezani. Kwa kipimo wanachokipenda wakusanyaji wa meli wa Ujerumani, 1 kwa 1,250, Königsberg yenye mita 115 huwa sentimita 9 na kidogo, na Mersey huwa 6 na nusu. Ni vitu vya kupendeza kiganjani. Lakini umbali uliokuwa baina yao, karibu kilomita kumi, kwa kipimo hichohicho ni mita nane. Hakuna meza hiyo. Basi mchezaji huufupisha mto, huiweka mikoko michache ya waya na sponji, na adui wawili ambao hawakupata kuonana siku ile huwa wanatazamana. Na Mafia? Kisiwa chetu kwa kipimo hicho kingechukua mita kama arubaini. Hakiingii hata chumbani. Hubaki neno tu karatasini: ndege imetoka Mafia, ndege imerudi Mafia. Uwanja ule wa ndege haukujifyeka wenyewe, lakini waliofyeka hawana kisanamu.

Jambo la pili linalonishughulisha ni rangi ya upande. Mezani askari aliyepakwa kuwa wa Mjerumani hufa akiwa wa Mjerumani. Kumbe mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi kizima, cha sita cha King's African Rifles, kwa askari waliokuwa wa Wajerumani na kutekwa. Mchezo wetu wa bao unalifahamu jambo hili vizuri zaidi. Katika mashimo 32 na kete 64 hakuna kete yenye bendera. Iliyoliwa haitupwi, husambazwa upande wa aliyeila, ikawapigania wale iliokuwa ikipigana nao. Sidhani kama waliobuni bao waliwahi kuandika kanuni juu ya uaminifu wa askari wa kukodiwa, lakini wamezicheza.

Na la tatu ni zito kuliko yote. Mizinga kumi ya Königsberg ilitolewa majini, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam, ikapigana nchi kavu. Mmoja umesimama Ngome ya Yesu, Mombasa. Mzinga huu huuzwa pia kwa wachezaji, na wapigaji wake wanne au watano, kila mmoja na ndevu zake. Waliouvuta kwa kamba hawamo. Ulivutwa na mamia ya watu, kupitia matope na vichaka. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi karibu milioni moja, na karibu laki moja wakafa, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao.

Si wachezaji peke yao waliosahau. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyofunuliwa mwaka 1927, ina mtu mmoja na singe yake. Ile ya Nairobi, ya mwaka uliofuata, kazi ya mchongaji yuleyule James Alexander Stevenson, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa hiyo mpagazi alijulikana, na shaba ilikuwepo.

Madukani wapagazi hawakosekani kabisa. Huuzwa pamoja na wapelelezi wa Kizungu wa karne ya 19, sanduku kichwani, na mchezoni huhesabiwa mara nyingi kuwa mzigo wa kulindwa. Mchezaji mmoja mwenye subira angeweza kuwaweka pale walipokuwa. Kwa askari ishirini angehitaji wapagazi mia na zaidi, kila mmoja na furushi lake la kupaka rangi: mtama, risasi, mahema, machela ya wagonjwa. Msafara ungeanzia ukingo mmoja wa meza, ukateremka mguu wa meza, ukatoka mlangoni.