Ufundi wa Amplifaya katika Kisiwa cha Mafia

Ufundi wa kutengeneza amplifaya, yaani chombo kinachokuza mawimbi dhaifu ya umeme hadi yaweze kusukuma spika, hautenganishiki na historia ya redio, ambayo nchini Tanganyika ilianza mwaka 1951 kwa matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam, na ikaenea pale transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ilipochukua nafasi ya valvu zilizohitaji umeme mwingi. Kwa Mafia, iliyotengwa na bara kwa bahari, badiliko hilo lilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa redio ya transista ilitosheka na betri kavu. Spika za misikitini na za harusini zilifuata baadaye, na pamoja nazo kazi ya fundi.

Adui mkubwa wa vyombo hivyo, katika mji wa Kilindoni kama katika visiwa jirani vya Chole na Jibondo, ni hewa ya bahari, ambayo chumvi na unyevu wake hula miguu ya vipuri, hata si ajabu fundi wa pwani kushika brashi na spiriti kabla ya mita. Mngurumo wa kudumu humwelekeza kwenye kapasita za kuchuja umeme, ambazo zikichoka huvimba kichwani. Fyuzi inayokatika kila ibadilishwapo huashiria transista za kutolea sauti zilizopiga shoti. Hapo hutumika mbinu ya zamani, inayoshinda vipimo vingi vya gharama: balbu ya nyuzi huunganishwa kwa mfululizo na waya wa umeme, nayo ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, shoti bado imo ndani, lakini ikimulika mara moja kisha ikafifia, amplifaya yaweza kuwashwa bila hofu kubwa.