Kibano cha Shingoni

Bibi yangu wa Dongobesh alivaa vitu viwili shingoni: rozari na kibano cha bati. Asubuhi aliketi mlangoni, uso akiuelekeza kwenye jua, akaniita nimng'olee kope. Zilikuwa zimepinda kuingia ndani, ngumu kama singa, na kila akipepesa zilikwangua kioo cha jicho. Nikimaliza, machozi yanakatika, anainuka kwenda kukamua. Baada ya wiki chache zinachipuka tena, fupi na zenye kuchoma zaidi.

Tulidhani ni uzee. Vibano hivyo walivaa akina mama wengi wa Mbulu na Hanang, Wairaqw kwa Wabarbaig, hata mtoto angeviona ni pambo. Na kung'oa kope ni tiba ya kale mno: Wamisri waliiandika kwenye mafunjo miaka ipatayo 3,500 iliyopita.

Kumbe ni vikope, trakoma, ugonjwa unaoanzia utotoni. Nzi hutoka kwenye tongo za mtoto huyu hadi jicho la yule. Maambukizi yakirudiarudia, kovu hukaza kifuniko cha jicho kwa ndani mpaka kope zinageuka. Wanawake huumia zaidi kwa kuwa ndio wanaolea. Wengi walilaumu ng'ombe tuliolala nao kwenye tembe, lakini nzi huyu hupenda kuzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Choo, basi, ni dawa ya macho, sawa na maji ya kunawa uso, ambayo kiangazi yalitoka mbali kwa punda.

Zamani dawa ilikuwa mafuta ya tetrasaiklini, mara mbili kwa siku, wiki sita. Nani alimaliza? Mwaka 1999 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupewa msaada wa azithromaisini, dozi moja tu, mtoto akipimwa kimo kwa fimbo iliyochorwa alama.

Bibi, ambaye kope zilikuwa zimekwisha kugeuka, dawa hiyo haikumfaa tena. Hospitali ya Haydom ilikuwapo tangu 1955, lakini hakwenda, kwa sababu kibano kilimpa nafuu, na mimi ndiye niliyekishika. Jicho la kulia likawa jeupe, halafu la kushoto.

Kuzirudisha kope zitazame nje ni upasuaji mdogo wa ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ukimwona mama yeyote na kibano shingoni, usimng'olee tu. Mpeleke.